Watoto Kumi na Watatu wa Kutztown

Kutztown ni mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwenye nchi ya wakulima wenye asili ya Kijerumani. Vijijini jirani wako mpaka leo watu wa madhehebu yasiyotaka magari ya injini, nao husafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi. Sijaufikia mji huo, lakini nina sababu ya kuupenda: mwaka 1866 palianzishwa hapo chuo cha ualimu, ambacho baadaye kilikua kikawa chuo kikuu. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tuna udugu wetu, hata ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana nilisikitika zaidi niliposoma kwamba katika mji huo wa walimu, mwaka 2005, wanafunzi 13 wa sekondari walifikishwa mikononi mwa polisi na kushitakiwa kwa kosa kubwa la jinai. Walikuwa wametumia vibaya kompyuta za shule.

Kisa chenyewe kilianza mwishoni mwa mwaka 2004. Shule iligawa kompyuta ndogo za kubebeka, aina ya iBook za kampuni ya Apple, kwa wanafunzi wapatao 600. Kila mwanafunzi alikabidhiwa yake. Kompyuta hizo zilikuwa zimewekewa vizuizi vya namna mbili. Kwanza kulikuwa na chujio la intaneti, ili watoto wasifungue kurasa zisizofaa. Pili kulikuwa na programu ya usimamizi, ambayo iliwawezesha wakubwa wa shule kuketi ofisini na kuona kila kinachoonekana kwenye kioo cha mwanafunzi. Mtu aliyetaka kuviondoa vizuizi hivyo alihitaji neno la siri la msimamizi. Na neno hilo, msomaji wangu, lilikuwa limebandikwa nyuma ya kompyuta zenyewe! Isitoshe, lilikuwa ni ufupisho tu wa anwani ya shule, yaani namba na jina la mtaa ambao kila mtoto aliupita asubuhi.

Mwalimu yeyote aliyewahi kukaa na watoto wa miaka 15 anaweza kuimalizia hadithi hii bila ya kusimuliwa. Neno lilipita kutoka dawati hadi dawati. Watoto wakaingiza programu zilizokatazwa, hasa ile ya kupiga soga na wenzao. Angalau mmoja alitazama picha za uchafu. Wengine walilizima lile jicho la ofisini. Na wako waliofanya jambo ambalo, Mungu anisamehe, lilinichekesha: waliligeuza jicho lenyewe, wakawa wao ndio wanaotazama vioo vya wakubwa. Shule ilipogundua ikabadilisha neno la siri katika baadhi ya kompyuta. Vijana wengine wakatafuta kwenye intaneti programu ya kufumbua mafumbo, wakalipata na hilo jipya.

Sisemi kwamba hawakukosa. Walikosa. Walikuwa wamepewa kanuni za matumizi, walionywa, walibakizwa shuleni baada ya masomo, wengine wakasimamishwa, na bado wako waliorudia. Asiyeona kero katika jambo hilo hajawahi kuwa mwalimu wa zamu. Shule ilijitetea kwamba imetumia kila adhabu iliyokuwa nayo, na kwamba ilipofika mwisho wa uwezo wake ndipo ilipoita polisi. Lakini hapo ndipo ninaposimama na kuuliza: mwisho wa uwezo wa shule ni wapi? Kosa lilitendeka ndani ya uzio wa shule, kwa chombo cha shule, kwa ufunguo ambao shule yenyewe iliubandika. Kwa sheria za Pennsylvania, kuingia katika kompyuta kwa jinai ni kosa kubwa la daraja la tatu, ambalo mtu mzima anaweza kufungwa miaka 7 na kutozwa faini ya dola 15,000. Watoto wale walikuwa chini ya mahakama ya watoto, kwa hiyo hawakuelekea kifungo cha namna hiyo. Hata hivyo jina la kosa lilikuwa ni lile lile, na jina la kosa humfuata mtu anapoomba chuo, kazi au jeshi.

Ili kuelewa jinsi jina zito namna hiyo lilivyomfikia mtoto aliyetaka kupiga soga, yafaa turudi nyuma.

Sheria za kwanza za kompyuta hazikutungwa kwa ajili ya shule. Jimbo la kwanza la Marekani kutunga sheria ya aina hiyo lilikuwa Florida, mwaka 1978, na sababu yake ilikuwa wizi katika uwanja wa mbio za mbwa uitwao Flagler, ambako wafanyakazi walitumia kompyuta kuchapisha tiketi za uongo za ushindi. Kwa hiyo waliotunga sheria walikuwa na sura ya mwizi mtu mzima mbele ya macho yao, mtu anayeiba fedha. Basi wakaandika kwamba hata kule kuingia tu bila idhini ni kosa kubwa, kwani ni nani angeingia bila idhini kama si mwizi?

Jibu lilikuja mwaka 1983, kutoka mji wa Milwaukee. Kikundi cha vijana, wa miaka 16 hadi 22, kilijiita 414, ambayo ni namba ya simu ya eneo lao. Kwa kutumia kompyuta za nyumbani na waya wa simu waliingia katika mitambo mingi, ikiwa ni pamoja na ya maabara ya Los Alamos, ambako bomu la atomiki lilibuniwa, na ya hospitali kubwa ya saratani ya Sloan-Kettering huko New York. Waliingiaje? Kwa maneno ya siri ambayo mitambo ilitoka nayo kiwandani, na ambayo wenyewe hawakujisumbua kuyabadilisha. Mmoja wao, kijana wa miaka 17, alitokea kwenye jalada la gazeti la Newsweek, kisha akaitwa kutoa ushahidi bungeni. Serikali kuu ilipotaka kuwashitaki iliona haina sheria ya kompyuta ya kuwashitakia. Hatimaye wawili kati yao walikiri kosa dogo tu, nalo lilikuwa kupiga simu za usumbufu!

Kiangazi hicho hicho ilikuwa imetoka sinema iitwayo WarGames, ya kijana anayeingia kwa kompyuta yake katika mitambo ya jeshi na karibu aanzishe vita vya nyuklia. Rais Reagan aliiona mwezi Juni 1983, akawauliza majenerali wake kama jambo kama hilo linawezekana. Walirudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko alivyofikiri. Bunge likashughulika, ripoti ya kamati moja iliitaja hata sinema yenyewe. Sheria ya kwanza ya nchi nzima ikapita mwaka 1984, na mwaka 1986 ikapanuliwa, nayo majimbo yakawa yanatunga zake. Watu wengi wanaikumbuka sinema ile kwa makombora. Mimi nakumbuka mwanzo wake. Yule kijana, kabla ya kufika jeshini, anaingia kwanza katika kompyuta ya shule yake na kubadilisha maksi. Neno la siri amelipata wapi? Katika karatasi iliyoko ofisini kwa mkuu wa shule, mahali alipopelekwa kukaripiwa. Mtunzi wa sinema aliwajua walimu wakuu.

Basi sheria iliyozaliwa kwa hofu ya wezi na vita ikawa imekaa vitabuni, ikingoja. Maneno yake ni mapana: kuingia bila idhini. Hayatofautishi aliyeingia kuiba na aliyeingia kuchungulia, wala mlango uliovunjwa na mlango uliokuwa wazi. Tofauti hiyo huachiwa busara ya mtu anayeshika simu kumwita polisi.

Kuna kesi moja ya zamani zaidi ambayo nilikuwa nikiwasomea walimu wapya, nayo haihusu kompyuta bali simu. Mwaka 1964, katika mji wa Globe, jimbo la Arizona, mvulana wa miaka 15 aitwaye Gerald Gault alikamatwa kwa madai kwamba yeye na rafiki yake wamempigia jirani simu ya maneno ya aibu. Alichukuliwa wazazi wakiwa kazini, wala hawakuachiwa ujumbe. Mama yake alirudi jioni hamwoni mtoto. Hakupewa wakili. Mlalamikaji hakufika mahakamani hata siku moja. Jaji akaamuru apelekwe katika shule ya kurekebisha tabia mpaka afikie utu uzima, yaani mpaka miaka 21. Kwa mtu mzima, kosa lile lile lilikuwa na faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Mtoto alipewa miaka sita.

Ajabu ni kwamba ukali huo ulitoka kwenye wema. Mahakama ya kwanza ya watoto ilianzishwa Chicago mwaka 1899 na watu waliochukizwa na kuona watoto wakifungwa pamoja na majambazi. Walitaka jaji awe kama mzazi, asiulize tu mtoto ametenda nini bali anahitaji nini. Na kwa kuwa jaji ni mzazi, walisema, hana haja ya wakili wala kanuni nyingi. Ilichukua miaka 68 mpaka Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, tarehe 15 Mei 1967, kwa kalamu ya Jaji Abe Fortas, kutamka katika shauri la Gault kwamba mtoto naye ana haki ya kuambiwa kosa lake, kuwa na wakili, kumhoji anayemshitaki, na kutolazimishwa kujishitaki mwenyewe.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, wala sipendi kusikia ikibezwa. Lakini iligusa yale yanayompata mtoto akishafika mahakamani. Haikusema neno juu ya nani ampeleke huko, na kwa kosa gani. Katika miaka ya tisini mlango huo ulipanuliwa. Mwaka 1994 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozitaka shule zimfukuze kwa mwaka mmoja mtoto anayekuja na bunduki. Ni sheria inayoeleweka. Ila wilaya nyingi zikaeneza roho yake hadi kwenye makosa mengine, wakaiita sera ya kutovumilia hata kidogo. Baada ya mauaji ya Columbine ya Aprili 1999, hofu ikawa kubwa zaidi, na askari polisi wakazidi kuwekwa ndani ya majengo ya shule. Huwezi kuwalaumu wazazi kwa kuogopa. Hata hivyo, askari akishakuwa na meza yake karibu na chumba cha walimu, kila kosa hufunguliwa jalada. Kazi yake ndiyo hiyo.

Kwetu kuna methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walimu wengi huitumia kama tishio kwa mtoto. Nadhani imeelekezwa kwa mama. Inamwambia kwamba akiiacha kazi yake, ulimwengu hautaikataa, ila utaifanya kwa mkono wake wenyewe, na mkono huo hauna huruma ya mama. Mwalimu ni mzazi wa pili; basi methali inamhusu.

Niliwahi kuongoza shule ya bweni ambako wavulana wanne walitengeneza ufunguo wa stoo. Walichukua ufunguo halisi kutoka kwenye msumari ulipokuwa ukining'inia, wakaugandamiza kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, wakaurudisha, kisha fundi wa mtaani akawachongea mwingine. Walikula sukari ya wenzao kwa muda wa majuma mawili. Mbele ya sheria ule ulikuwa wizi wa kuvunja, usiku, wa mali ya serikali. Mjumbe mmoja wa bodi alitaka niwapeleke kituoni ili iwe fundisho. Nilikataa. Wazazi wao waliitwa, mmoja akitembea kutwa nzima, wakaketi pamoja nasi na vijana wakasema wenyewe walichofanya. Walifyatua matofali ya jiko jipya kwa likizo nzima fupi, na sukari ikalipwa. Jambo hilo liliandikwa katika kitabu cha adhabu cha shule, kikabaki kabatini. Na ufunguo ukaondolewa kwenye msumari. Mmoja wa vijana wale leo ni fundi mkuu wa mitambo ya maji katika mkoa mmoja. Angekuwa na hati ya jinai asingeajiriwa hata kufagia.

Mtu ataniambia kwamba nyakati zile tulikuwa na fimbo, kwa hiyo hatukuhitaji polisi. Sitaki kuificha fimbo. Lakini hata fimbo yenyewe serikali yetu iliiwekea mipaka: kanuni za mwaka 2002 zinasema isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na iandikwe katika kitabu. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mwalimu anahitaji maandishi ili ampige mtoto fimbo moja, ila hahitaji chochote isipokuwa simu ili amfanye mshitakiwa.

Turudi Kutztown. Wazazi hawakukaa kimya. Wengine walilalamika kwamba hawakuelezwa uzito wa jambo mpaka polisi walipoingia. Ndugu na marafiki wakatoa fulana na vibandiko vya kuwatetea watoto, na magazeti ya nchi nzima yakaanza kuuliza kuhusu lile neno la siri lililobandikwa. Mwishoni mwa Agosti 2005 waendesha mashitaka walilegea. Wengi wa watoto walikubaliana nao: saa 15 za kazi za kujitolea, barua ya kuomba radhi, mafunzo ya kuwajibika, na miezi kadhaa ya uangalizi, mashitaka yangefutwa. Iangalie orodha hiyo kwa makini. Kazi, radhi, mafunzo, uangalizi. Hakuna hata kimoja ambacho shule isingeweza kukitoa yenyewe bila ya kutoka nje ya uzio.

Ungedhani fundisho limepatikana. Miaka kumi baadaye, Aprili 2015, katika wilaya ya Pasco, jimbo lile lile la Florida lenye sheria ya mbio za mbwa, mvulana wa miaka 14 alikamatwa kwa sababu aliingia katika kompyuta ya mwalimu asiyempenda na kubadilisha picha ya nyuma ya kioo. Aliweka picha ya wanaume wawili wakibusiana. Ulikuwa utani usio na adabu, na mwalimu alikuwa na haki ya kukasirika. Shule ilimsimamisha siku 10. Hiyo ingetosha. Lakini alishitakiwa pia kwa kosa kubwa la jinai. Mkuu wa polisi wa wilaya alieleza kwamba katika mtambo alioufikia kulikuwamo maswali ya mtihani wa jimbo, ingawa mtoto hakuyagusa. Na neno la siri lilikuwa nini? Lilikuwa jina la ukoo la mwalimu, na wanafunzi wengi walilijua.

Nayasema haya ya Marekani kwa sababu sheria husafiri upesi kuliko busara ya kuzitumia. Tanzania tulipata Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka huo huo wa 2015. Ilipopitishwa, kosa la kuingia isivyo halali katika kompyuta liliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Wakenya wakapata yao mwaka 2018, yenye kikomo cha shilingi zao milioni 5 au miaka 3. Tazama tofauti: Kenya wameweka dari, hakimu anaweza kushuka atakavyo, sisi tumeweka sakafu. Tunayo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mahakama bado inaweza kumpeleka katika shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo huko Mbeya, na kabla ya hapo kuna kituo cha polisi, na siku za kuhojiwa, na macho ya kijiji.

Si muda mrefu uliopita nilialikwa kwenye mahafali ya shule moja ya kata. Mkuu wa shule, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinitembeza mpaka chumba cha kompyuta, ambacho anajivunia kwa haki. Kulikuwa na mashine 12, zimefunikwa kwa vitambaa vilivyofumwa na wasichana wa kidato cha tatu. Juu ya swichi ya umeme palikuwa na karatasi, na juu yake neno la siri la mashine zote, pamoja na ile ya ofisini inayotunza maksi. Lilikuwa jina la shule na mwaka wa kufunguliwa kwake.

Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo karatasi."

"Hapana shida, Mzee," akanijibu akicheka. "Watoto wa hapa bado hawajajua mambo hayo."

Nyuma yetu mvulana mmoja wa kidato cha pili, aliyetumwa kuleta viti, alikuwa amesimama mlangoni akiisoma.